Maiti ya Mabua

Mwishoni mwa mwaka 1873, mashariki ya Unyanyembe katika nchi ya Tabora, wapagazi waliokuwa wamebeba maiti ya David Livingstone walikwama katika kijiji cha Kasekera. Wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Viongozi wa wapagazi, Chuma na Susi, pamoja na wenzao hawakushindana nao kwa maneno wala kwa bunduki. Walitoa habari kwamba wamekubali yaishe, maiti itarudishwa ikazikwe Unyanyembe. Kisha wakaifungasha upya ile maiti ya kweli hata ikafanana na mzigo wowote wa bidhaa. Wakakata mabua yenye urefu wa mtu, wakayafunga pamoja, wakayaviringisha nguo kama sanda. Wakakunja karatasi ikawa kama barua, wakaibana katika ufa wa fimbo kama walivyofanya matarishi wa njia ile, na watu sita wakaondoka na marehemu wao wa mabua kwa mwendo wa msiba. Kijiji kikashusha pumzi. Jua lilipokaribia kuzama, wale sita wakatupa bua moja huku na jingine kule, mbali ndani ya pori, wakatupa na sanda, wakazunguka kuwafuata wenzao. Mzigo wa kweli ulifika Bagamoyo Februari 1874.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama ushahidi wa uaminifu wa wapagazi, na ni kweli. Lakini mtu anayesafiri katika nchi ya Tabora akitafuta historia ya sanaa za maonyesho afadhali akisome kwa jicho jingine. Pale Kasekera palikuwa na waigizaji sita, maleba, vifaa, mwendo uliopangwa na hadhira iliyosadiki. Hapakuwa na jukwaa wala mwalimu wa sanaa. Na ule mchezo haungeweza kuchezwa na watu waliokuwa wanajaribu kwa mara ya kwanza, maana kuigiza msiba mbele ya watu wenye shaka ni kazi ngumu: ukizidisha kilio unashukiwa, ukipunguza unashukiwa zaidi. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba njia yenyewe ya misafara ilikuwa imewafunza. Kwa zaidi ya karne moja, maigizo ya jamii kwenye njia hii yamekuwa chombo cha kumgeuza mgeni awe mtu wa mahali. Ndiyo sababu waliowahi kushiriki huyakumbuka kwa utamu usiolingana na ukubwa wa maonyesho yenyewe, na utamu huo ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kupimwa kama ushahidi mwingine wowote.

Tuanze na barabara. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7, baada ya siku 134. Leo reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inamvusha msafiri kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar es Salaam akiwa ameketi, na ni vigumu kwake kuhisi maana ya siku 134 kwa miguu. Maana yake ni kwamba kila baada ya siku chache mamia ya watu walilazimika kuingia katika nchi ya watu wengine, wenye lugha nyingine na mtemi mwingine, wakiwa na njaa, kiu na bidhaa za kutamanisha. Kuingia huko hakukuachwa kuwe vivi hivi. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, amevaa nguo nyekundu na kilemba cha manyoya au ngozi, nyuma yake ngoma na baragumu. Msafara ukikaribia Kazeh watu walibadilisha nguo, wakavaa walizozitunza miezi mizima ndani ya mizigo kwa ajili ya saa hiyo moja, wakapiga bunduki hewani na kuimba kwa kupokezana. Wenyeji nao walijua sehemu yao: kujipanga kando ya njia, kuita, kupiga vigelegele. Ukiangalia gharama tu, ni upuuzi, maana baruti ilikuwa mali na nguo zilikuwa fedha. Wafanyabiashara waliohesabu kila shanga wasingeruhusu upuuzi huo miaka nenda rudi kama haukuwa na faida. Faida ilikuwa hii, kwamba msafara ulioingia kwa maonyesho ulikuwa umejitambulisha, na waliotoka kuutazama walikuwa wamekwisha kuupokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo ina mwaliko, ina mapato, na ina pande mbili zinazojua wajibu wao.

Ushahidi wa pili hauhitaji makumbusho, kwa kuwa ungali hai katika misiba ya Watanzania. Ni utani. Wanyamwezi wana watani wengi pwani na katikati ya nchi, Wazaramo na Wagogo miongoni mwao, na kwa kiasi kikubwa ramani ya utani huo inalingana na ramani ya misafara. Maelezo ya kawaida ni kwamba makabila yaliyopigana au yaliyopokeana njiani yaliwekeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Lakini tazama kwa karibu anachofanya mtani msibani. Anaweza kuvaa shati la marehemu na kutembea kama yeye, akikohoa kama alivyokohoa, akidai deni ambalo marehemu hakulilipa. Anaweza kuketi kwenye udongo wa kaburi na kukataa kazi isiendelee mpaka apewe chochote. Wafiwa, ambao dakika moja nyuma walikuwa wanalia, wanacheka huku machozi hayajakauka, wanachanga, mtani anaondoka na kazi inaendelea. Huyo ana maneno yake, ana maleba, anajua wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na anajua mpaka ambao akiuvuka mchezo unageuka ugomvi. Tena haruhusiwi kuwa ndugu. Sheria ya utani inataka kazi hiyo ifanywe na mtu wa nje, na kwa kuifanya mtu wa nje anapata mahali ndani ya msiba, ambamo hakuna anayekaribishwa kwa uzuri wa sura yake. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyefariki Uzaramo, mbali na mama yake, alikuwa na hakika kwamba kuna mtu ambaye kwa desturi ni lazima aje kumfanyia mzaha. Ukifikiri vizuri, hiyo ni bima.

Hapa pingamizi la kwanza linakuja lenyewe. Msomaji aliyelelewa na tamthilia za Ebrahim Hussein au Penina Muhando atasema kwamba ninachanganya mambo: gwaride la msafara ni gwaride, utani ni mila, na mchezo wa kuigiza ni kitu kingine chenye matini, mtunzi na mgogoro unaokua hadi kilele. Pingamizi hilo lina uzito wake, na sitaki kulikwepa kwa kusema kila kitu ni sanaa, kwa maana tukisema hivyo neno sanaa litakuwa halina kazi tena. Ninachodai ni chembamba zaidi. Kuna igizo pale ambapo watu wamekubaliana kuutazama uongo mmoja kana kwamba ni kweli kwa muda maalumu, na kisha kuuacha. Mtani si marehemu, na kila mtu anajua. Msafara ulioingia Kazeh ukiwa na nguo safi si jeshi la mfalme, na kila mtu anajua. Kwa kipimo hicho Kasekera ndiyo inayopungukiwa, kwa sababu kule hadhira haikujua kuwa inatazama mchezo. Ulikuwa ulaghai uliotumia ufundi wa igizo, kama vile mwizi anavyoweza kutumia ufundi wa fundi kufuli. Lakini ufundi uliotumika ulitoka mahali fulani, na mahali hapo ni desturi hizi za wazi, ambamo kila upande ulijua sehemu yake.

Reli ilipofika, misafara ya miguu ilififia, na mtu angetarajia sanaa yake ife pamoja nayo. Haikufa. Ilipanda treni. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilisambaa kwa kufuata askari, makarani na vibarua, na kuanzia Vita Kuu ya Kwanza, ambapo majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora Septemba 1916, ilienea katika miji ya bara hadi njia nzima ikawa na vyama vyake, Marini na Arinoti vikiwa ndivyo vikubwa. Wanachama walivaa sare, wakapiga gwaride, wakajigawia vyeo vya kijeshi na vya kiserikali, na chama kikashindana na chama kwa mapigo, kwa nyimbo za kejeli na kwa wingi wa chakula. Baadhi ya watawala na wamisionari waliona vioja vya watu wanaoiga wakubwa zao, na wapo wasomi wa Kiafrika waliosema kitu hichohicho kwa uchungu zaidi, kwamba hao ni watumwa wa mawazo waliovaa kofia ya bwana. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alitazama zaidi ya sare. Aliona vyama vilivyozika wanachama wao, vilivyosaidia wagonjwa na kumpokea mwanachama aliyeshuka stesheni katika mji asiomjua mtu. Karani kutoka Tanga aliyehamishiwa bara hakuwa na ukoo pale, ila akiwa na cheo katika beni alikuwa na watu. Kofia ya jenerali ilikuwa ya mchezo, lakini sahani ya wali aliyowekewa haikuwa ya mchezo. Anayeishia kwenye kofia hajafika jikoni, na jikoni ndiko sababu ya watu wazima kukumbuka ngoma hizo kwa upendo ilikokuwa.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na linaihusu Tabora moja kwa moja. Mji huu una historia nzito: hapa Julius Nyerere alisoma kuanzia 1937 na baadaye akafundisha St. Mary's, na hapa Januari 1958 TANU ilifanya uamuzi wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ule unaoitwa Uamuzi wa Busara. Chama hicho kilijua nguvu ya ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam kabla hajawa mhamasishaji mkuu wa wanawake wa TANU, na ujuzi wa kuushika umati kwa sauti ulihama naye kutoka uwanja wa ngoma kwenda uwanja wa mkutano. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zikaingia shuleni. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtu wa njia hiihii, ndiye aliyezipa umbo lililojulikana, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Kwa hiyo, mpinzani atasema, mnachokikumbuka kwa utamu ni kasumba: watoto waliokaririshwa sifa za ujamaa wakasimamishwa mbele ya mgeni rasmi.

Sehemu ya kwanza ya pingamizi hilo ni sahihi kabisa. Ngonjera nyingi zilikuwa hotuba iliyotiwa vina, na mpinga ujamaa aliyewekwa humo alikuwa ameshindwa kabla hajafungua kinywa. Lakini fikiria umbo lake. Wanafunzi wawili wanasimama wakitazamana mbele ya shule nzima. Mmoja, kwa mfano, amepewa sehemu ya mzee asiyetaka kuhamia kijijini, pengine na fimbo ya babu na koti linalomfika magotini. Mwingine ni kijana mwenye jembe. Yule wa koti lazima ajifunze hoja za upande unaoshindwa, azisemee kwa nguvu, apate kicheko chake, na mara nyingi kicheko kikubwa kilikuwa chake. Mtoto wa Kisukuma, wa Kinyamwezi, wa Kiha na wa Kimanyema walijipanga katika mstari mmoja wakitamka Kiswahili kimoja kwa vina vile vile. Wengi waliopitia shule za miaka hiyo wangali wanakumbuka ubeti, aliyesimama mbele yao na nani alisahau maneno, hata pale ambapo maudhui yamewatoka kabisa. Kama kumbukumbu hiyo ingekuwa kazi ya propaganda, kingebaki kile ambacho propaganda ilikitaka, yaani sera. Kilichobaki ni mwenzi. Serikali ilipanda mbegu yake ikaota nyingine, ile iliyokuwa ardhini tangu enzi za kirangozi.

Upo pia ushahidi wa kinyume, wa sanaa ya jamii iliyotumika kuuliza badala ya kusifu. Mwaka 1982 na 1983 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi Malya, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Hawakwenda na tamthilia mfukoni. Walianza na matatizo yaliyotajwa na wanakijiji wenyewe, mimba za wanafunzi na vijana kukosa kazi, kisha wakayaigiza pamoja na vijana wa pale kwa kutumia wigashe, ngoma ya Kisukuma ya vijana, na baada ya onyesho mjadala ukafuata. Jambo lisilosemeka mbele ya wazazi likasemeka, kwa kuwa lilisemwa na mhusika. Ni ruhusa ileile ya mtani: aliyevaa shati lisilo lake anaweza kusema lisilo lake. Wataalamu huiita sanaa ya maonyesho kwa maendeleo na huihesabu kama uvumbuzi wa miaka hiyo. Kwa mtazamo wa njia ya misafara, Malya ilikuwa kurudi nyumbani.

Pingamizi zito nimeliweka mwisho, kwa sababu Kwihara hailiruhusu lisahauliwe. Huko, kilomita chache kutoka Tabora mjini, limesimama tembe lenye kuta nene na paa bapa la udongo, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, na miembe ya nchi hii inasemwa ilichipuka kutokana na kokwa za misafara. Misafara hiyo ilibeba pembe na watu. Ni haki gani tuliyonayo kuzungumzia utamu kwenye njia ambayo wengine waliipita shingoni wana minyororo? Jibu langu lina sehemu mbili. Mpagazi wa Kinyamwezi, kwa kawaida, alikuwa mtu huru aliyefanya kazi kwa ujira, mwenye fahari ya kazi yake, na ni dhuluma nyingine kumweka katika kundi moja na mateka. Lakini siwezi kuishia hapo, maana mateka nao walikuwapo. Wapo Wamanyema ambao wazee wao waliletwa Tabora na Ujiji kwa nguvu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na watu waliokatwa kutoka kwenye koo zao ndio waliohitaji kuliko wote mahali pa kupewa jina jipya. Ngoma ya mjini ilikuwa mojawapo ya mahali hapo. Utamu wa kumbukumbu yake haufuti mnyororo. Unapima umbali ambao watu walilazimika kuutembea ili kutoka katika hali ya kuwa bidhaa hadi kuwa na cheo, sare na mpinzani. Anayeuondoa utamu huo ili kuheshimu maumivu anawanyang'anya watu wale kitu cha kwanza walichojitengenezea wenyewe.

Kwa sasa kikundi cha sanaa cha mtaani kinashindana na simu, na sioni sababu ya kuomboleza kana kwamba vijana wameharibika. Kichekesho cha dakika mbili kwenye simu ni mtoto halali wa vichekesho vya zamani. Hata hivyo kuna kitu hakiwezi kukifanya: hakimwombi mtazamaji apige kigelegele kwa mtu aliye mbele yake, wala hakimpi mgeni aliyehamia mtaani nafasi ya kuvaa koti lisilomtosha na kuchekwa na watu ambao kesho watamsalimia dukani. Bagamoyo, kwenye mlango wa njia, kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, leo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko mwisho wa pwani ufundi unafundishwa. Huku bara kinachohitajika ni kidogo na kigumu zaidi: jioni moja, uwanja usiolipiwa, na vikundi viwili vinavyotaka kushindana.

Makumbusho ya Kwihara yanahifadhi tembe, na ni vyema. Lakini hakuna makumbusho yenye bua hata moja la ile maiti ya Kasekera, wala hayatakuwapo, kwa sababu waigizaji wenyewe walilitupa porini bua moja moja mchezo ulipokwisha. Koti la mzee wa ngonjera lilirudishwa kwa mwenyewe. Shati la marehemu liligawiwa ndugu. Sanaa hii husafisha uwanja wake, na kumbukumbu inabaki kwa waliocheza. Mzee wa Tabora anapoanza kusimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyoigiza zamani na nani alisimama upande wa pili, asikatishwe. Nyaraka za njia hii nyingi zimo kwake.